Jamani, sensa siyo pampu!

Wale mnaopita hapa kutafuta siasa mtanisamehe, maana leo naandika habari za kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, kinachofungwa kwa boliti moja kwenye injini, na ambacho kimewafanya madereva kadhaa wa Karatu walale na mawazo. Kidude chenyewe ni sensa ya kamshafti.

Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Ngojeni kwanza. Nimechoka kusikia kwamba kila gari la wageni likizima kreta, basi ni "hawa mafundi wa Karatu, wanabahatisha tu". Nimekaa nao, nimekunywa nao chai ya rangi juu ya matairi mabovu, nimewauliza maswali mpaka wakanichoka. Nilichokiona ni tofauti. Anayebahatisha mara nyingi ni tajiri mwenye gari, yule anayeagiza kwa simu "nirekebishie hiyo sensa iendane na mlima", halafu hataki kulipia hata nusu saa ya kupima.

Tuanze na jiografia kidogo, hasa kwa ninyi wa Dar. Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka pale alfajiri na wageni unapita lango la Lodoare, unapanda msituni kwenye ukungu hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, halafu unashuka kwa njia ya Seneto karibu mita 600 hadi chini. Mchana unapandisha kwa Lerai, gari limejaa, gia ya kwanza au ya pili, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa tupu. Na hiyo hewa yenyewe ni nyepesi. Pale ukingoni msukumo wake ni kama robo tatu tu ya ule wa Pwani. Injini isiyo na turbo inapumua robo pungufu. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuendesha barabara ya Bagamoyo akija huku anadhani gari lake limerogwa.

Gari lenyewe kwa kawaida ni Land Cruiser ya sabini, ile iliyokatwa chesisi ikarefushwa, ikawekewa bodi ya paa la kufunguka. Chini ya boneti mara nyingi kuna injini ambayo kila mtoto wa Karatu anaijua jina kabla hajajua jina la diwani wake: 1HZ. Silinda sita, lita 4.2, dizeli, Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Nguvu zake ni za farasi 130 hivi. Haina turbo, haina kompyuta ya kuendesha mafuta, haina presha. Inapanda Lerai kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani, lakini inapanda.

Taimingi ya mafuta ya injini hii iko mikononi mwa fundi. Narudia, mikononi. Pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Ukitaka nozeli zimwage mafuta mapema au zichelewe, unalegeza boliti za pampu, unazungusha mwili wake kidogo, unakaza, unawasha, unasikiliza. Kitabu cha Toyota kinataka utumie kipimo cha saa kupima mwendo wa pistoni ya pampu, na fundi makini anakitumia. Lakini wapo wazee ambao masikio yao yanakaribia kipimo hicho. Ikigonga kama nyundo kwenye bati, umewahisha mno. Ikitoa moshi mweupe asubuhi na ikawa nzito kupanda, umechelewesha. Nilimkuta mzee mmoja anayeweka ncha ya bisibisi kwenye pampu na mpini kwenye fuvu la kichwa, nyuma ya sikio, anafumba macho kama anaomba. Dakika mbili, kamaliza. Sicheki. Ule ni ujuzi halisi, na umeibeba biashara ya utalii ya kaskazini kwa miaka mingi kuliko mabango yote ya wizara.

Sasa tatizo linaanzia hapa. Matajiri wamechoka na mwendo wa mzee. Wageni wanataka kufika, kampuni nyingine zina magari yenye nguvu, na mtu anaona jirani yake kafunga turbo kwenye 1HZ. Hilo lenyewe lina hatari yake. Mgandamizo wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, wakati ndugu yake aliyezaliwa na turbo, 1HD-T, alipunguziwa hadi 18.6. Toyota hawakupunguza kwa kujifurahisha. Ukiibebesha 1HZ turbo na kuongeza mafuta bila kupima joto la moshi unaotoka, silinda hedi inapasuka na pistoni zinayeyuka, na hapo usimlaumu shetani.

Wengine wanaruka kabisa. Wanang'oa 1HZ na kuweka injini ya kisasa iliyotoka kwenye Prado au Hilux iliyopata ajali: dizeli yenye turbo na reli moja ya mafuta inayolisha nozeli za umeme. Nguvu zaidi, ulaji mdogo, sauti ya upole. Safi sana kwenye karatasi. Ila injini hiyo haiji peke yake. Inakuja na kompyuta yake, na furushi la nyaya kama utumbo wa ng'ombe, na funguo yenye chipu, na nozeli ambazo kila moja ina namba yake ya kurekebishia inayotakiwa kuingizwa kwenye kompyuta. Na inakuja na hicho kidude chetu.

Nieleze kazi yake kwa namna nilivyoelezwa na kijana mmoja wa gereji, maana hakuna kitabu kilichonielewesha kama yeye. Injini ya mipigo minne inamaliza kazi yake krenki ikizunguka mara mbili na kamshafti mara moja. Pistoni inafika juu mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imegandamiza hewa na inasubiri mafuta, mara ya pili ikiwa inasukuma moshi nje. Sensa ya krenki inaona pistoni iko juu, basi. Haijui ni mara ipi. "Ni kama saa ya ukutani," akaniambia, "inakwambia ni saa tatu, haikwambii ya asubuhi au ya usiku. Sensa ya kamshafti ndiyo inayosema, kaka, hii ni asubuhi, mwaga mafuta silinda namba moja."

Sijawahi kusikia mhadhiri akifundisha hivyo.

Ukiielewa saa hiyo, mengine yanafuata yenyewe. Katika injini hizi kompyuta inahesabu wakati wa kumwaga mafuta kwa meno ya krenki. Kamshafti inatoa utambulisho tu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, nyuzi moja ya krenki inapita kwa sehemu moja ya 12,000 ya sekunde. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kuukamata muda huo, na hakuna bisibisi inayoweza kuusogeza. Sensa imefungwa tundu moja, boliti moja. Haina mahali pa kuzungushia. Ipo ilipo.

Lakini simu ya tajiri ishaingia: gari linakosa nguvu ukingoni, rekebisheni sensa. Fundi afanye nini? Anakumbuka pampu. Anakumbuka distribyuta za petroli za zamani, na zile injini za Nissan za miaka ya tisini ambazo sensa yake mwishoni mwa kamshafti inazungushwa kweli kwa kulegeza boliti huku unamulika puli na tochi ya taimingi. Kwa hiyo wazo la kwamba sensa hurekebishwa halikutoka hewani, limetoka kwenye injini nyingine. Hapa hakuna pa kuzungushia, basi anaweka washa chini ya sensa ili inyanyuke kidogo. Washa moja. Zikikataa, mbili.

Gari linawaka. Linatembea mpaka Rhotia na kurudi. Dereva anasema naona kama limepata nguvu. (Dereva huwa anaona hivyo kila akitoka gereji, kama mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano.) Tajiri analipa, kazi imeisha.

Msimu wa wageni uliopita dereva mmoja alinisimulia kilichofuata kwenye gari la namna hiyo. Sitaitaja kampuni wala namba ya gari. Walishuka kreta mapema, baridi kali. Mbele kidogo wakawakuta simba. Akazima injini, kama inavyotakiwa, wageni wapige picha kwa utulivu. Nusu saa. Simba wakaondoka, magari mengine yakaondoka, yeye akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Na kule chini huruhusiwi kutoka garini isipokuwa sehemu maalumu kama Ngoitokitok, kwa hiyo hata kufungua boneti ni mtihani. Akaita kwa redio. Wenzake wakaja kumvuta kwa kamba mbele ya wageni ambao kampuni ililipia gari lile ada ya kushuka, ambayo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni dola 250 kabla ya VAT, achilia mbali viingilio vya watu wenyewe. Magari yote yanatakiwa yawe yametoka kreta saa kumi na mbili jioni. Wageni walihamishiwa gari jingine, bakshishi ikaenda kwa dereva wa gari hilo jingine, na yeye mwisho wa mwezi akakuta kakatwa.

Kwa nini injini ilitembea asubuhi yote halafu ikakataa kuwaka? Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Sensa nyingi za aina ya nyaya mbili ni sumaku na koili tu. Jino linapopita mbele yake linazalisha umeme kidogo, na umeme huo unakua kadiri jino linavyopita kwa kasi, na unapungua kadiri sensa inavyokaa mbali na jino. Sasa hesabu mwenyewe. Umeisogeza mbali kwa washa mbili. Unapiga stata kwenye baridi, betri imechoka, mafuta ya injini mazito, krenki inazunguka polepole. Umeme unaotoka ni mdogo mno, kompyuta haiuoni. Haijui ni asubuhi au usiku. Haimwagi. Lakini kama injini ilikuwa imeshawaka, kompyuta za magari mengi zinaendelea kuhesabu kwa krenki peke yake bila wasiwasi. Gari linakuwa zima mpaka utakapolizima.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba washa zile hazikuwa na kazi yoyote. Ile injini ina sensa ya msukumo wa hewa. Ikifika ukingoni inajua iko juu, inapunguza mafuta yenyewe na kusogeza wakati wa kuyamwaga yenyewe, maana kwenye hewa nyepesi dizeli inachelewa kushika moto. Tajiri alikuwa anaagiza fundi afanye kwa nyundo kitu ambacho gari linakifanya kimya kimya, mara kadhaa kwa sekunde. Nguvu zilikuwa zimepotea kwa sababu nyingine kabisa: mpira wa turbo ulikuwa umechanika na unavuja. Kijana wangu wa saa ya ukutani ndiye aliyeliona baadaye, kwa kupaka maji ya sabuni.

Mtasema, si kuna mashine ya kupimia? Ipo. Siku hizi kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinauzwa bei ya kreti chache za soda, na simu inakuonyesha namba. Lakini namba nayo inahitaji msomaji. Ikitokea P0340 watu wanakimbilia dukani kununua sensa. Namba hiyo inasema kuna shida kwenye njia ya umeme ya sensa ya kamshafti. Njia! Sensa ni mkazi mmoja tu wa njia hiyo. Kuna waya uliosuguliwa na vumbi jekundu la Karatu mpaka shaba inaonekana. Kuna ethi iliyofungwa kwenye rangi badala ya chuma. Kwenye injini za kupandikiza kuna ugonjwa mwingine: nyaya zilikuwa fupi, fundi akaziunga kwa waya wa kawaida na kuzipitisha jirani na olteneta, akaacha ule waya wa kukinga makelele ukining'inia. Au kageuza nyaya mbili za sensa. Ukizigeuza sensa bado inatoa umeme, ila umbo lake linapinduka, na kompyuta inalisoma jino mahali ambapo halipo.

Ikitokea P0016 ni habari nyingine. Hapo kompyuta inalalamika kwamba krenki na kamshafti hazikubaliani, na inawezekana mkanda umefungwa vibaya. Puli ya kamshafti ikiwa na meno 40, kosa la jino moja ni nyuzi 9 za kamshafti, sawa na nyuzi 18 za krenki. Kwa dizeli hiyo ni safari ya kwenda kugonganisha valvu na pistoni. Ukibadilisha sensa hapo unampa panadoli mtu aliyevunjika mguu. Nimemwona mwenye gari akinunua sensa tatu za mtumba kwa mpigo, huku akikataa kumlipa fundi elfu ishirini afungue kava atazame alama za mkanda. Elfu ishirini! Sensa tatu zilikuwa zaidi ya mara tano ya hiyo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na matajiri. Kwetu fundi analipwa kwa kufungua na kufunga. Akichafuka mafuta mpaka viwiko, unaona kafanya kazi. Akikaa saa nzima na multimita anagusa nyaya, anaandika namba kwenye boksi la sigara, mwisho akakwambia "sensa ni nzima, waya huu ndio mbovu", unamwona mjanja mjanja. Unampa buku tano ya soda. Kesho yake ukimpigia atakubadilishia sensa, na ana haki, kwa sababu umemfundisha wewe mwenyewe kwamba ukweli haulipi na spea inalipa.

Serikali nayo nisiiache. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, VETA ipo kisheria tangu 1994, na VETA wana utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, wanapimwa na kupewa cheti. Ninaupenda utaratibu ule. Lakini kwa mji unaoishi kwa magari ya kupanda kreta, ningetaka mzee wa bisibisi na kijana wa saa ya ukutani wakutanishwe mbele ya oskiloskopu, ile mashine inayochora umbo la umeme wa sensa kwenye kioo, hata kwa wiki mbili tu. Mzee atalitambua umbo bovu haraka kuliko mnavyofikiri. Amezoea kusikiliza mdundo maisha yake yote, na ule mchoro ni mdundo uleule.

Wapo watakaosema dawa ni kurudi kwenye 1HZ na kuachana na makompyuta. Nina huruma na hoja hiyo kwa gari linalofanya kazi ya kreta peke yake. Halihitaji kukimbia, linahitaji kuwaka. Ukiniuliza mimi kama mwenye kampuni ndogo ya Karatu, mwenye magari mawili na mkopo benki, ningebaki na pampu na kuwaambia wageni watazame msitu tukipanda. Lakini injini za kompyuta zimeshafika, vijana wanazipandikiza kila mwezi, na magari mapya yanayotoka dukani na kompyuta yanazidi kuongezeka. Huwezi kuwazuia kwa mahubiri.

Kijana wangu ameshachoka kusubiri. Kapaka mlango wa gereji yake rangi ya bluu na kuandika kwa mkono, herufi zimepinda: KUPIMA GARI 30,000, HATA KAMA HATUJAFUNGUA KITU. Siku niliyopita wateja wawili walisimama pale wakabishana na mlango karibu robo saa. Mmoja akaondoka kwa hasira. Wa pili akauliza kama elfu ishirini na tano haiwezekani.